Kiu Ilipomwisha Njoroge

Nikiikumbuka asubuhi ile, nakumbuka kwanza baridi yake. Ilikuwa Julai, manyunyu ya Dagoretti yakitulowesha masweta nje ya kanisa, na sisi vijana wa kwaya tulikuwa tukipakia ngoma na spika kwenye lori, tayari kwenda kuhubiri Turkana. Hakuna kati yetu aliyewahi kuliona jua la huko. Mwanangu, mtu aliyekulia kwenye baridi hudhani joto ni raha tupu.

Kiongozi wa kundi nilikuwa mimi. Shosho Wairimu, nyanya wa kanisa letu na muuguzi mstaafu aliyekaa benchi la mbele kila Jumapili, alikuja akisukuma wilibaro yenye mitungi ya maji. Juu ya mitungi alikuwa ameweka kofia, vyandarua na pakiti za ile chumvi ya kuchanganya na maji.

"Mbu atafuata nini jangwani, Shosho?" nikamuuliza. Wenzangu wakacheka.

"Atakufuata wewe," akajibu. "Na maji mnywe kabla ya kiu. Jua halijui nani ameokoka."

Lakini tulikuwa tumekubaliana kufunga kavu siku mbili za kwanza tukifika, bila chakula wala tone la maji. Mitungi ilipopandishwa lorini, niliishusha kwa mikono yangu mwenyewe. "Tusibebe mashaka," nikasema, wenzangu wakaitikia amina. Tulipoondoka Shosho alikuwa bado amesimama kando ya mitungi yake, ikinyeshewa.

Siku ya pili ya mfungo tulikuwa tukitembea boma kwa boma kualika watu mkutanoni. Jua la kule hukausha jasho kabla hujaliona, ndiyo maana linadanganya. Njoroge, mpiga ngoma wetu na rafiki yangu tangu shule ya Jumapili, akaanza kubaki nyuma.

"Wee Njoro, uko sawa?"

"Niko sawa, kiongozi. Hata kiu imeniisha."

Nikapaza sauti, haleluya! Nikawaita wengine waje wasikie ushuhuda. Mungu anisamehe, nilishangilia kitu kilichokuwa kinamuua rafiki yangu. Tulikuwa bado tunaimba Njoroge alipouliza nani amefunga mlango wa kanisa, na hapo hapakuwa na kanisa wala mlango. Kisha akaanguka.

Mama mwenye boma alifika mbio, akamgusa shingo. "Huyu amekauka! Mvueni shati!" Akammwagia maji yote ya nyumba yake, maji aliyoyateka mbali alfajiri ile. Njoroge akafikishwa hospitali akiwa hai.

Niliporudi nyumbani nilienda kwa Shosho nikapiga magoti. Nilitarajia anigombeze. Alinishika kichwa tu, akasema, "Mungu aliwajibu kabla hamjaondoka. Jibu lilikuwa kwenye mitungi."

Figo za Njoroge hazikupona sawasawa. Zilijikokota miaka mingi, kisha zikachoka. Siku hizi kila Jumanne na Ijumaa nampeleka kusafishwa damu. Maji yakizidi mwilini hayana tena pa kutokea, kwa hiyo daktari amempimia: kikombe kidogo asubuhi, kingine jioni, na mara nyingi mwenye kumpa kikombe hicho ni mimi. "Kiongozi," hunitania, "na leo tunafunga kavu?" Yeye hucheka. Mimi sijaweza bado. Lakini namshukuru Mungu kwamba yupo wa kunitania.

Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu, wewe unayefunga mizigo kwenda Chad kwa kazi. Nenda kliniki mapema, si siku ya safari, uwaulize kuhusu chanjo ya homa ya manjano na ya uti wa mgongo, na dawa ya kujikinga na malaria. Nchi kuwa kavu hakumzuii mbu. Beba chandarua. Kunywa maji safi hata kama huyatamani, na mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali, usingoje kesho. Saa sita mchana kaa kivulini na wenyeji. Mwenzako akiacha kutoka jasho au akianza kusema ovyo, mweke kivulini, mmwagie maji, mwite daktari. Kuomba, omba, nami nitakuombea, ila omba ukiwa na chupa mkononi.

Mungu akutangulie njiani. Akuachie kiu yako, na akuwekee maji karibu.