Ukuta Mbichi wa Banda la Bijoli

Saa sita mchana jua la Oktoba limefichwa na mawingu, na Bijoli Mondol hajaondoka uani tangu alfajiri. Amekaa kwenye kigoda mbele ya banda lake la kuku, fimbo ya mwanzi mapajani. Kila majani ya migomba yanapotikisika, anasimama.

"Yupo pale," ananong'ona. "Nguchiro hana haraka. Anajua mimi nitachoka."

Ndani ya banda hilo la udongo, tetea mmoja mwekundu ameatamia mayai kumi na matatu. Leo ni siku ya kumi na tisa. Zimebaki mbili.

Mama huyu wa miaka arobaini na sita, mkazi wa kijiji kimoja cha Barishal, kusini mwa Bangladesh, alikuwa na kuku ishirini na wawili. Ugonjwa wa mdondo ulipopita mwezi Agosti, walibaki sita. Zamani mayai yalimpatia taka, fedha ya huko, mia sita kwa wiki. Sasa hazifiki mia na hamsini. Mumewe huendesha baiskeli ya mizigo, na anachopata huishia kwenye mchele. Nauli ya binti yao, Shiuli, anayesomea ukunga mjini, hutoka kwa kuku.

"Baba yake akiwa nayo, anatoa," anasema Bijoli. "Asipokuwa nayo, mtoto ananitazama mimi."

Kosa la kumfungulia nguchiro njia, anakiri, ni lake mwenyewe. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya Lokkhi, mungu wa kike wa baraka, wanawake wa hapa hukandika nyumba upya kwa udongo na samadi. Banda lilikuwa haliguswi. Kuta zake za miaka minane zilikuwa ngumu kama tofali. Safari hii, kwa kuuogopa ugonjwa, Bijoli alikwangua udongo wote wa zamani, akakandika mpya. Kesho yake mvua ikaanza. Ukuta haujakauka hadi leo.

Juzi, alipokwenda kuchota maji, nguchiro alichimba chini ya ukuta huo, akamkamata kuku mweupe aliyeingia kutaga.

"Nilikuta manyoya tu."

Tundu aliliziba kwa tofali. Jana asubuhi akakuta jingine limeanzwa pembeni yake.

Jirani yake, Hasna Begum, anasimama kwenye ua akielekea dukani.

"Dada, si umhamishie tetea ndani kwenye kapu, ulale naye?"

"Mwaka juzi nilimhamisha mmoja. Akayasusa mayai, yakaoza yote." Bijoli anashusha sauti. "Na huyu mwekundu ana kiburi kama mama mkwe."

"Nimesikia," inajibu sauti kutoka barazani. Ni Sorojini, mama wa mumewe, mwenye miaka themanini. "Nani alikutuma kulipamba banda? Lokkhi akija kubariki nyumba anapanda bundi, hapandi kuku."

Hasna anacheka mpaka anashika kiuno. Bijoli hacheki. Ametazama migomba.

Mayai yakianguliwa, anasema, atalijengea banda msingi wa tofali, futi moja chini ya ardhi, na kuweka wavu mlangoni. Tayari ameokota vipande arobaini vya tofali kule barabara inakotengenezwa.

"Wakitoka hata saba, naanza upya. Wasipotoka..."

Saa tisa, Sorojini anajikongoja hadi uani, anamnyang'anya fimbo.

"Ondoka hapo, ukale. Mimi nilikuwa nafukuza nguchiro wewe hujazaliwa."

"Mama, macho yako..."

"Nitamsikia."

Bijoli anaingia jikoni. Hazipiti dakika mbili, anatoka na sahani ya wali na dengu, anazunguka nyuma ya banda ambako mama mkwe hamwoni, anachuchumaa. Anakula kwa mkono wa kulia. Kiganja cha kushoto amekibandika ukutani, anausikiliza udongo kama umeanza kukauka.