Ufunguo wa Tatu

Mama Funguo hakumwamini mtu, na kazi yake ndiyo iliyomharibu. Chonga funguo za watu miaka ishirini na sita uone kama utabaki na imani. Huyu anataka ufunguo wa chumba cha mkewe, na mke mwenyewe hana habari. Yule kapoteza ufunguo wa gari ambalo, ukimpiga jicho vizuri, si lake. Kwa hiyo kila aliyefika kwenye kibanda chake, pale pembeni mwa duka la vioo, aliulizwa kwanza: mlango una rangi gani, na unafungukia ndani au nje? Aliyesitasita alirudishiwa ufunguo wake na kutakiwa siku njema.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuwahi kuivunja hata kwa ndugu. Ukiomba funguo mbili, zinatoka mbili. Ukiharibika mmoja kwenye mashine, anausaga meno yote mbele yako, kisha anakukabidhi na huo kibogoyo. "Hakikisha mwenyewe," anakwambia. "Kwangu hakibaki kitu."

Sasa mtu kama huyo ndiye ambaye daktari wa mifugo alimpelekea mtoto wa mbwa amtunze.

"Wiki mbili tu, mama," daktari alisema, kashika boksi lenye taulo. "Mpaka nimpatie mtu wa kumchukua."

Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala, na alikuwa mwoga kupita kiasi. Mashine ya kuchongea ilipopiga kelele hakujali. Lakini viatu vya mtu vikikaribia tu, alijikunyata nyuma ya ndoo ya vumbi la chuma akitetemeka mpaka ndoo ikagongagonga. Kubweka hakujui. Daktari alimchunguza koo akasema ni zima, hofu tu. Mama Funguo alikataa kumpa jina, maana ukishampa jina umekwisha. Alimwita "Wewe." Wewe naye, wakati wa kufunga kazi, alikuwa akitoka taratibu na kuweka kidevu juu ya kiatu chake, cha Mama Funguo peke yake.

Angebaki naye, tena kwa furaha. Lakini mwenye nyumba wake hakutaka wanyama, na alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo mbwa angerudi kwenye vizimba vya kliniki, na mara ya kwanza alipokaa huko aligoma kula siku nne. Kwa hiyo ilibidi apatikane mtu, upesi, na awe mtu wa kweli.

Watu walikuja. Mwenye ghala aliuliza kama atakuwa mkali; akaonyeshwa njia. Bibi mmoja aliyejipulizia manukato mpaka wateja wakapiga chafya aliuliza kama rangi hiyo haitafifia. Wenye harusi karibuni walitaka kumpeleka kwa wakwe kama zawadi. Wote aliwahoji kama polisi, na wote wakaanguka.

"Mama," binti yake alimcheka kwenye simu, "unamtafutia mbwa nyumba au unamtafutia mchumba?"

"Ingekuwa mchumba, ningemwacha ajichagulie. Huyu hawezi kusema."

Kisha akaja mpishi wa hospitali. Mwanamume wa makamo, mikono ina makovu ya moto, ananukia vitunguu. Alisalimia, akaketi kwenye kigoda akiupa mgongo upande wa ndoo, akaanza kuzungumzia bawaba za kabati lake. Nusu saa nzima hakumtazama mbwa hata mara moja.

Machale yakamcheza Mama Funguo. Mtu gani anakuja kuchukua mbwa halafu hamtazami? Na mpishi! Mpishi anataka mbwa wa nini?

"Mbona humwangalii?" akamuuliza kwa ukali.

"Hataki kuangaliwa," mpishi akajibu. "Mimi mwenyewe nikiwa mtoto nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa najificha chini ya meza wageni wakija."

Jibu zuri, na majibu mazuri ndiyo yaliyomtia shaka zaidi. Matapeli wote aliowahi kuwakamata walikuwa na majibu mazuri. Lakini mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu. Akakubali, kwa sharti kwamba ampeleke mbwa yeye mwenyewe na akague mlango.

Mlango aliukuta na kitasa cha kuchezea watoto. Siku hiyo hiyo alifunga kitasa kipya, akamkabidhi mpishi funguo mbili, akamwambia ahakikishe. Wewe alikuwa ameshaingia chini ya kitanda. Mama Funguo hakumuaga, aliogopa sauti yake ingemsaliti.

Akarudi kibandani, akaketi, akaangalia ile ndoo. Namba za meno ya ule ufunguo zilikuwa bado kichwani. Kabla hajajizuia, mashine ilikuwa inanguruma, na ufunguo wa tatu ulikuwa kiganjani, wa moto. Kanuni ya miaka ishirini na sita ilikwenda hivyo, kwa dakika mbili.

Alijiambia hatautumia. Kila alipopiga simu mpishi alijibu kwa mkato: "Yupo. Mzima." Alipoomba picha, alitumiwa picha ya mkia ukitokeza chini ya kitanda. Picha ya mkia! Mkia si ushahidi, mkia unaweza kuwa wa mbwa yeyote. Halafu simu ikawa haipatikani. Siku ya kwanza akavumilia. Siku ya pili, saa sita mchana, wakati wapishi wote wa hospitali wanapakua, akafunga kibanda na kuondoka.

Mlangoni alitazama huku na huku, kama wale wale aliokuwa akiwatimua. Ufunguo ukaingia bila hata kukwaruza. Akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake upesi ili mbwa asije akachomoka.

Sebule ilikuwa safi. Hakuona bakuli wala blanketi, hata unyoya mmoja. Alijua, alijua tangu kile kigoda! Akapiga hatua kuelekea chumbani.

Ndipo kitu cha rangi ya mchanga kilipotokea jikoni. Kilisimama katikati ya mlango, miguu imetanuliwa, sikio moja juu, jingine nalo likijaribu kusimama. Kikamtazama Mama Funguo usoni na kubweka.

Kilibweka mara moja, kikashtuka kwa sauti yake chenyewe, kisha kikaendelea kubweka bila kupumzika.

"Wewe," akanong'ona. "Ni mimi."

Mbwa hakurudi nyuma hata hatua. Mama Funguo aliumia, tusidanganyane. Aliumia kama mtu aliyesahauliwa na mtoto wake.

Mpishi akatoka bafuni mbio, taulo shingoni, sabuni kwenye sikio.

"Amebweka!" akapiga kelele. "Umesikia? Bwana Afya amebweka! Ndio mara ya kwanza!"

"Bwana Afya?"

"Si anakagua masufuria yangu yote. Vitu vyake vyote kavihamishia jikoni..." Macho yake yalikuwa yameshuka mpaka kwenye ufunguo. "Umeingiaje?"

Alikuwa na uongo wa kutosha, alishausikia wote kwa wateja. Hakuna uliokubali kutoka.

"Nilichonga wa tatu," akasema. "Simu yako haikupatikana. Nilidhani... mimi hudhani mabaya tu."

"Simu ilitumbukia kwenye sufuria la uji wa wagonjwa. Nimepewa likizo ya adhabu." Hakucheka. Mbwa alikuwa akinguruma mbele ya miguu yake. "Mimi nilikuamini, mama."

Aibu ikamvaa toka utosini. Alasiri hiyo hiyo alileta kitasa kingine akakifunga, na kila alipozungusha bisibisi Bwana Afya alimkemea. Ule ufunguo wa tatu aliusaga meno mbele yao wote wawili, akaukabidhi. Funguo mpya zilikuwa mbili. Mpishi alizipokea zote akazitia mfukoni.

"Ukitaka kumwona," akasema, "piga hodi."

Jumamosi akaja. Mkobani alikuwa na vifaa vinavyoweza kufungua mlango ule kabla hujamaliza kupiga chafya. Akapiga hodi. Ndani mbwa akabweka kwa nguvu, akiwa kwake, na Mama Funguo akasimama nje kama mgeni yeyote, akasubiri kufunguliwa.