Moyo wa Neema Kwenye Kompyuta

Jamani, wivu umenivua nguo hadharani. Pale intaneti kafe ya Mpemba, Neema, ninayekaa naye dawati moja darasani, alifuta majina ya kurasa anazozipenda juu ya kivinjari, akaacha alama tupu: nyota, mpira na moyo.

Moyo! Nikajua tu ni wa Chanda, yule mvulana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka kule Zambia, anayemchekeachekea.

Neema alipotoka kununua soda, nikaubonyeza. Mtandao ulikuwa mzito, picha hazifunguki, sehemu ya maoni ikatangulia. Nikaandika, nikatuma: "Mwache Neema, Mzambia mla nshima we!"

Ndipo picha ikafunguka taratibu: kwaya ya kanisa lao, majoho mekundu, wote wamama.

Neema alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

"Huyo wa mbele ni mama yangu, Tito. Na yeye aniache?"