Baiskeli Iliyosingwa

Hebu mtie machoni Bi Salhiya anavyoingia mtaa wa Malindi, mjini Unguja, asubuhi ile ya kipupwe: buibui limempanda upande mmoja, jasho linamtiririka na baridi yote ile, mkononi kashika baiskeli nyembamba ya resi, gurudumu la nyuma kalinyanyua juu kama anayemvuta mtoto mtundu sikio. Halizunguki. Tangu nyumbani Mkunazini halizunguki. Wauza samaki wanacheka. Yeye hacheki.

Anakwenda kwa Mzee Mahfoudh, fundi baiskeli. Kabla hajafika, nikwambieni ilivyokuwa.

Bi Salhiya ni mshonaji. Mabuibui ya nusu ya mtaa yamepita kwenye cherehani yake. Mumewe, Abrahman, karani wa bandarini, aliinunua baiskeli hiyo mwaka jana kwa mgeni aliyekuwa anahama. Tangu hapo, Jumapili alfajiri yuko njiani kwenda Kiwengwa, na kila jioni anaipangusa kwa kitambaa laini, taratibu, huku anaisemesha. Inalala ukumbini, pale penye upepo. Bi Salhiya akivaa kanga mpya anaulizwa, "Chakula tayari?"

"Angelikuwa na mwanamke," alimwambia jirani yake Khairat, "ningelijua pa kuanzia. Mwanamke nitamsuta, nitamfungia mlango. Chuma nikifanye nini?"

Khairat, ambaye ulimi wake haujapata kulala na njaa, akamjibu, "Kosa lako, shoga. Mwenzio kaingia nyumbani hata hajasingwa, hajapakwa manukato! Msinge bibi harusi, nawe uonekane mke mkubwa una adabu."

Wakacheka. Lakini Abrahman alipokwenda Pemba kikazi, alisema neno moja mlangoni: "Niangalizie baiskeli yangu, isipate chumvi." Hakusema, "Nawe jiangalie." Hilo ndilo lililomchoma.

Jioni ya Alkhamisi akachukua kibakuli cha singo: karafuu iliyosagwa, sandali, asumini, mafuta ya nazi. Ni singo ile ile anayojipaka kila wiki na hakuna wa kuinusa. Akaisinga baiskeli kuanzia usukani mpaka nyuma, mkono mmoja kaminya breki isimkimbie. "Haya, mke mwenza, pendeza!" Kilichobaki akajipaka mwenyewe.

Asubuhi baridi ikayagandisha mafuta. Alipotaka kuisogeza apige deki, breki ya nyuma ilikuwa imeuma rimu, haiachii. Na Abrahman anashuka botini alasiri hiyo hiyo.

"Shikamoo, Mzee Mahfoudh."

"Marahaba, mwanangu. Kumetokea nini?" Mzee akainama kwenye breki, akanusa, akanusa tena. "Bi Salhiya, harusi lini?"

"Ishaolewa, Mzee. Ni mke mwenzangu."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akamwonesha. "Tazama mikono hii miwili ya breki. Imeungana hapa kati, kama mkasi wako. Ukiminya, inabana rimu. Ukiachia, springi inaifungua. Sasa humu kwenye kiungo umejaza karafuu. Springi inavuta, karafuu inakataa."

Akaifungua, akaisugua kwa brashi na mafuta ya taa, akaikausha, akatia tone moja la mafuta ya cherehani. Mikono yake ilikuwa inaipapasa ile baiskeli huku anasema, "Nyepesi, maashallah, nzuri kweli." Bi Salhiya akahisi moto kifuani. Hata huyu mzee!

"Bado mpira wa breki," Mzee akasema. "Ushakunywa mafuta. Huu hautashika tena. Mumeo akiteremka nao kwa kasi, atakwenda kujitupa mtaroni."

Sikufichi, Bi Salhiya aliutazama ule mpira kuliko inavyopasa. Alimwona Abrahman kitandani, mguu umefungwa, hana pa kwenda, anauguzwa na yeye peke yake. Kisha akaona aibu.

"Badilisha, Mzee. Ya nyuma na ya mbele. Na rimu zifute mpaka zing'ae. Mimi namtaka arudi."

Alasiri Abrahman aliingia, akatua mkoba. "Baiskeli haijambo?" Akampita mkewe, akaminya breki. Ikabana, ikaachia. Ikabana, ikaachia. Akatabasamu, na tabasamu lile, nyinyi wenye wivu mnalijua, lilikuwa la kumpa mtu, si chuma.

Mara akasita. Akainama kwenye kiti cha baiskeli, kwenye mishono ambayo kitambaa cha mkewe hakikuifikia alipoifuta singo, akafumba macho.

"Salhiya."

"Naam."

"Harufu hii naijua. Ndiyo ya siku ya harusi yetu. Mbona sijaisikia miaka? Ilikuwa wapi?"

Bi Salhiya alikuwa hatua moja nyuma yake, singo ya jana ingali shingoni. Abrahman bado kainamia kiti, ananusa.

Ungelikuwa wewe, mwenzangu, ungelimwambia ilikuwa wapi, au ungelisimama kimya umngojee ageuke mwenyewe?