Riwaya Isiyo na Mshenga

Bibi yangu mzaa baba hakujua kusoma, lakini alikuwa na msimamo mkali kuhusu riwaya za Kiingereza. Alisema wasichana wa mle ndani wote ni yatima, hata wale wenye wazazi. Mama mtu ni mpumbavu, baba mtu anajifungia na vitabu vyake, wajomba hawaonekani. Mtoto kama huyo, aliuliza, atakosaje kuhangaika?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa kidato cha nne kwenye shule ya masista, na likizo ya Juni nilirudi nyumbani, juu ya Lushoto kwenye njia ya Magamba, na riwaya moja nene ya mtihani. Sisi ni Walutheri, lakini masista hawakutubagua. Wenyewe hawakuolewa, na ndio waliotufundisha habari za posa za Kiingereza, kwa bidii ambayo hadi leo inanichekesha. Tuliandika insha kuhusu tabia za wahusika, kuhusu ndoa ya mapenzi na ndoa ya mali, kuhusu namna kisa kinavyofungwa na kufunguliwa. Nilijiona msomi haswa.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali. Ukungu ulishuka kutoka msituni tangu adhuhuri, nguo hazikauki, na wanawake wote wa nyumba yetu tulibanana jikoni tukichambua maharage. Nilikuwa nimekaa pembeni na kitabu changu, nikijifanya sina mikono. Bibi akaniuliza hicho kitabu kinasema nini. Nikajibu kwa kifupi, kwa jeuri ya watoto wa sekondari, kwamba kinahusu mambo ya Wazungu. Akasema Wazungu nao wana mambo, niyaseme.

Basi nikayasema. Nilisimulia kwa Kishambaa, na neno likinishinda nililikopa kwenye Kiswahili, na Kiswahili kikinishinda nilitumia mikono. Tangu siku ile sikusoma tena peke yangu. Kila mchana nilidaiwa sura mpya kama mtu anayedaiwa kuni. Mama alijifanya hasikilizi, lakini ungo wake ulikuwa ukinyamaza kila nilipofika pazuri.

Kisa chenyewe kilikuwa cha msichana aliyelelewa na shangazi mkali. Kulikuwa na karani mmoja mtanashati mwenye maneno matamu, na kulikuwa na mgeni mkimya aliyekuja kusimamia msitu wa tajiri wa wilaya ile. Mgeni huyu hakuwa na wazazi wala ndugu. Alimpenda msichana, msichana alimpenda, na kwa kurasa zaidi ya mia tatu hakuna aliyefungua mdomo. Walikunywa chai, walitembea kwenye mvua, waliugua mafua, walipona, wakanywa chai tena. Mimi yule msichana alinikera. Anaulizwa swali la maana, anageuza uso dirishani. Nilisema wazi kwamba ningekuwa mimi ningemjibu yule mgeni siku ya kwanza na kwenda zangu kulala.

Bibi alimtetea. Kunyamaza kwa msichana ni adabu, alisema, na kosa si lake. Kosa ni kwamba hakuna aliyetumwa. Mwanamume ana jambo zito moyoni, naye analizungusha mwenyewe kama mbuzi aliyekata kamba. Wangemtuma mshenga, mtu mzima mwenye ulimi mzuri, kitabu kingekwisha kabla ya mvua ya kwanza, nami ningekuwa shambani nikisaidia wenzangu. Nikamweleza, kama sista alivyotueleza, kwamba bila kufungamana kwa mambo hakuna riwaya. Akasema, ala, kumbe hawa wanatunga hadithi kwa kukosa mshenga. Jikoni kote tulicheka, na mimi nilicheka huku nimenuna, maana nilikuwa nimejiandaa kubishana zaidi.

Lakini yule mgeni wa msituni Bibi alimpenda sana. Alimpenda kwa upweke wake. Jioni moja, kwenye sala ya nyumbani, baada ya kuwaombea wagonjwa na viongozi wa taifa, Bibi alimwombea na yeye apate mke. Baba alifungua jicho moja. Mama alikohoa.

Aliyekuwa hacheki sana jikoni mle ni dada yangu. Alinitangulia kwa miaka michache, na jioni alifundisha kisomo cha watu wazima, akina mama na akina babu waliokuwa wakishika chaki kwa mara ya kwanza. Kwenye darasa lilelile alikuja bwana shamba, kijana aliyepangiwa huku kwetu na serikali, kuwafundisha watu mbolea na upandaji wa mboga. Kwao ni kusini kabisa, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Bwana shamba hakuwa mtu wa kupendwa milimani. Wazee walikuwa bado wanakumbuka matuta waliyolazimishwa kuchimba wakati wa Mwingereza, na kila aliyekuja na daftari na futi ya kupimia walimwona ni yuleyule amebadilisha kofia. Huyu alivumilia. Alijifunza kuamkia kwa Kishambaa, vibaya, na watu wakaanza kumsahihisha, jambo ambalo kwetu ni dalili njema. Dada naye alimsahihisha, mpaka wakaelewana.

Jumamosi moja mwezi uleule alikuja nyumbani. Alikuja peke yake, kavaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Alimwamkia Baba shikamoo kwa heshima zote, akaketi, kisha akasema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba anataka kumwoa binti yake na kwamba wawili hao wamekubaliana. Akaongeza kwamba nchi yetu sasa ni moja, ukabila hauna nafasi, na kwamba anamwomba ndugu mzee amwelewe. Baba alimkaribisha chai. Wakazungumza magonjwa ya kabichi mpaka chai ikaisha. Kisha akamsindikiza hadi njiani, kwa upole, akarudi.

"Ananiita ndugu," alisema. "Kama mimi ni ndugu yake, huyu binti ni mwanawe. Amekuja kumposa mwanawe?"

Tulicheka wote isipokuwa dada. Alimuuliza Baba kama amekataa. Baba akajibu kwamba hajakataa chochote, maana posa isiyo na mtu haijaletwa. Hakuwa na chuki na kijana, na mambo ya makabila hayakumsumbua. Lilikuwa jambo moja tu: mtu aliyejituma mwenyewe hana wa kumwonea haya. Dada akinyanyaswa kule ziwani, safari ya siku mbili kutoka kwetu, Baba ampigie nani hodi? Na bwana shamba alikuwa ameshapewa barua ya uhamisho, mwisho wa mwaka anarudi kwao. Dada alijua kwamba kijana akiondoka bila jibu hatarudi tena milimani, na kwamba yeye atabaki na chaki zake. Usiku sikumsikia akilia. Nilimwona tu mchana, akitupa maharage mazima pamoja na mabovu.

Hapo ndipo tukafika kwenye ile sura. Mgeni wa msituni, baada ya kurasa zote zile, anakuja nyumbani kwa shangazi katikati ya mvua, kofia inachuruzika maji, anasimama mbele ya msichana na kusema anampenda. Nilisimulia kwa ufundi wangu wote. Bibi alipiga makofi mara moja, akasema Mungu ni mkubwa.

Dada aliweka ungo chini.

"Bibi, huyo naye amekuja peke yake," alisema. "Hana mshenga, hana mjomba, amelowa chapachapa, na wewe unamshukuru Mungu. Wangu alikuja mkavu, mkamzungumzisha kabichi."

Hakuna mtoto kwetu aliyewahi kumsemesha Bibi namna ile. Mama alitazama moto. Mimi nilifunga kitabu, nikihisi kwamba kosa ni la kwangu niliyekileta nyumbani. Bibi aliendelea kuchambua, na alipojibu sauti yake haikuwa na ukali wowote.

"Huyu wa kitabuni tumekaa naye tangu likizo ianze," alisema. "Tunajua anachowaza akiwa peke yake. Wako ametufikia mwishoni. Nani ametusimulia mwanzo wake?"

Dada aliuokota ungo wake. Kisha Bibi akamgeukia Mama, akamuuliza kana kwamba anauliza chumvi, "Na wewe, si una kaka?"

Sikuelewa mara moja, ila Mama alielewa, kwa sababu alishtuka. Mjomba ni mtu wa upande wa binti. Yeye ndiye anayekaa karibu na baba siku ya posa na kuuliza maswali magumu, ana fungu lake kwenye mahari, na asiporidhika binti hatoki. Bibi alikuwa anataka golikipa wetu avae jezi ya wageni, awe mshenga wa kijana. Mama alisema haijawahi kutokea. Bibi akasema hata kijana wa kutoka ziwani kuja kufundisha kabichi hapa haijawahi kutokea.

Mama alikwenda Vuga kwa kaka yake. Mjomba alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache hata kero. Walichozungumza sikukisikia. Nilichosikia, kwa wanafunzi wa kisomo, ni kwamba Mjomba ameonekana kwa bwana shamba na mkoba wake, amekaa huko siku kadhaa. Alikula ugali wake. Alimfuata mashambani akamtazama anavyozungumza na mjane aliyeozewa viazi. Alimsimulisha habari za kwao mpaka akajua jina la bibi aliyemlea, na kwamba mama yake yu hai lakini miguu haimwezeshi kusafiri. Baba alipata habari hizo kama sisi. Alinyoa ndevu tu siku ambayo haikuwa Jumapili.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, hodi ilipigwa mlango wa mbele. Mjomba hakuwahi kupita mlango ule maishani mwake, alizoea kuingia kupitia jikoni na kuonja chochote kilichoko motoni. Alikuwa amevaa koti. Hakuja jikoni kumsalimu dada yake. Mama alimpelekea chai kwenye vikombe vya wageni. Mimi na dada tulisimama nyuma ya mlango, nimemshika kiuno.

Baba alimuuliza mgeni ametoka wapi. Shemeji aliyemjua zaidi ya miaka ishirini akajibu kwamba ametoka kwa watu wa Ziwa Nyasa, kwamba wana kijana wao, naye amependa ua katika nyumba hii. Alieleza habari za kijana tangu utoto, taratibu, mazuri na yale mengine: kwamba ana hasira za haraka, kwamba hajui kuweka akiba. Baba alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza swali lake.

"Kijana huyo akimtesa binti yangu huko mbali, nimlilie nani?"

"Unililie mimi," alisema Mjomba. "Na siku ya mahari usitenge fungu la mjomba. Mimi nimeshakaa upande huu."

Baba alikunywa chai yake. Nilidhani limekwisha, nikambana dada kwa furaha. Ndipo Baba akauliza tena, na safari hii hakuwa akiuliza kwa desturi.

"Na binti yangu mimi, mjomba wake atakuwa nani?"

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria, si Bibi, si Mama, wala dada aliyekuwa akitaka jambo hili kwa moyo wote. Mjomba alipojibu alisahau kuwa mgeni.

"Shemeji, ndiyo maana nililala kwa kijana kwanza, nikiwa bado mjomba. Unadhani ningemwacha mpwa wangu hivi hivi?"

Baba akamwita Mama, akamwambia amwongeze mgeni chai.

Walioana kabla ya Krismasi. Siku ya kumsindikiza dada hadi kituo cha basi Lushoto, njia ilikuwa na makundi mawili, letu nyuma tukiimba, la wageni mbele, watumishi wachache wa idara ya kilimo na Mjomba na koti lake. Yeye alibeba sanduku la dada begani. Dada aligeuka huku na huku akimtafuta kwetu, mahali mjomba anapopaswa kuwa siku kama ile, kisha akakumbuka, akamtazama kule mbele. Mjomba hakugeuka. Mama aliniambia kwa sauti ndogo kwamba kaka yake hathubutu, akigeuka tu atarudi upande wetu na sanduku lenyewe.