Jini za Kromosomu ya Sita

Binti yangu alirudi kutoka chuo cha udaktari akiwa na mtihani wa kurudia. Akishindwa tena, hana chuo. Nyumba ilikuwa ya mama yangu, mtaa wa Mabawa. Kiwanda cha kamba kilikuwa kimetupunguza kazini, nami niliishi humo kama mgeni, nauza mitumba barazani na kuitikia kila neno lake.

Binti alisoma kwa sauti akizunguka uani. "Jini za histoni zimekaa makundi. Kundi kubwa kromosomu ya sita, dogo kromosomu ya kwanza."

Mama akaacha kusuka ukili. "Umesikia? Makundi mawili! Huyu hasomi, anawaita."

Nilijua maana yake. Ni vile vinavyomrithisha mtu sura na rangi. Siku hizi huandikwa jeni, lakini chuoni walitamka Kizungu, sawasawa na jini wa kupungwa. Sikusema. Mganga akaitwa kutoka Mwera, Mama akamchinja jogoo wake kwa ajili ya uganga, binti akafungiwa chumbani na ubani, vitabu vikapandishwa juu ya kabati, na mtihani unakaribia.

Nilipomsikia anakariri kichwani huku akikohoa moshi, nilivishusha vitabu.

"Mama, mganga harudi. Mtoto anasoma."

"Katika nyumba yangu?"

"Katika nyumba yako. Ukitufukuza, atasomea kwingine, lakini atasoma."

Binti akatoka, akakaa mkekani kwa bibi yake. "Bibi, urithi wa mtu ni kama uzi mrefu mno. Histoni ndizo unazozungushiwa usitatizike. Mwili ukijigawa unazitaka nyingi kwa mpigo, ndiyo maana jini za kuzitengeneza zimekaa jirani. Kama wapishi wa harusi wangekaa mtaa mmoja, ungewaita mara moja tu."

"Mke mwenzangu, hata mimi ninao hao?"

"Unao, bibi."

"Na hawapungwi?"

"Ukiwapunga, unakufa."

Mama akanigeukia. "Na wewe ulijua, ukaniacha nimchinje jogoo wangu?"

"Nilijua, Mama."

"Basi wa kupungwa ni wewe."

Tangu hapo nilihamishia mitumba yangu mlangoni, kila jirani aliyekuja kumpa pole binti kama mgonjwa nikamrudisha. Binti alisoma mpaka siku ya safari. Alifaulu kwa kuponea chupuchupu. Swali moja aliliacha tupu, la sura ya kitabu ambayo hakuwahi kuifikia, na siku za kuisoma nilimnyima mimi.