Mtani wa Chumba cha Mbele

Kazi yangu ni kusoma habari za nyumba za watu nisiowajua. Nimepanga chumba na sebule Maili Moja, Kibaha, nyuma ya mashine ya kusaga, na humo ndani, vumbi la unga likiingia dirishani, nachambua tafiti za nyumba za bei nafuu katika nchi za Ulaya. Nani anajenga, nani anapewa, nani anaweza kutolewa. Kuna wataalamu wa huko wanaolinganisha nchi moja na nyingine, na mimi ni mmoja wa wanaowasomea na kuwafupishia. Mwenye nyumba wangu alipojua hilo alicheka hadi akashika ukuta. "Yaani wewe mwenyewe umepanga, halafu unashughulika na nyumba za Wazungu?" Nikamwambia atengeneze kwanza bomba la uani ndipo acheke. Mdomo wangu hauna breki, nimeshazoea kuambiwa.

Nilivipenda nilivyokuwa nasoma, sitaki kusema uongo. Vienna, mji wenyewe ndio mwenye nyumba wa watu wengi, na mtu akishaingia anaweza kuzeekea humo. Uholanzi kuna mashirika yanayojenga bila kukimbizana na faida. Uingereza waliwauzia wapangaji wengi nyumba za halmashauri. Waliokuwemo wakafurahi, waliokuja nyuma wakakuta patupu. Na kwingi watu wanakaa kwenye foleni miaka. Lakini nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na mimi kila nikikutana na neno mpangaji namwona mtu mmoja tu, na hayuko Ulaya.

Yuko Kisarawe, nyumbani kwa mama yangu, chumba cha mbele mkono wa kulia. Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, jiko na choo uani. Baba aliianza, akafariki, mama akaimalizia kwa maandazi na mihogo ya kukaanga. Wapangaji wamepita wengi, walimu, makarani wa wilayani, wote wakahama isipokuwa yeye. Alikuja kutoka Tabora akiwa mke wa dereva. Dereva akaenda kuoa kwingine, yeye akabaki, na hakujaliwa mtoto. Mama Mzaramo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani tangu siku ya kwanza, na sisi watoto tukamwita Mama Mtani.

Asiyejua utani angedhani wale wanawake wanachukiana. Asubuhi mama anapiga mlango wa chumba cha mbele: "Mnyamwezi, amka ubebe maji, kubeba si ndiyo kazi ya babu zako?" Naye anajibu kutoka ndani, "Mzaramo, hebu ngoma ilie huko bondeni tuone kama hutaitupa ndoo njiani!" Kisha wanakaa kwenye ngazi za uani wanakunywa chai ya birika moja. Kodi mwezi mwingine ilikuwa kodi, mwezi mwingine ilikuwa kuku.

Miguu ya mama ilipovimba akashindwa kutoka kitandani, mimi nilikuwa Kibaha na Vienna yangu, kaka yangu yuko Gongo la Mboto anahangaika na maisha. Tulikuwa tunakuja Jumamosi na matunda. Aliyemwogesha kila siku, aliyemgeuza, aliyemkorogea uji, ni mpangaji wake. Nilimkuta siku moja ameshika kijiko mbele ya mdomo wa mama. "Kunywa, Mzaramo wewe. Usije ukanifia na njaa hapa, wakasema nimekuroga." Mama alicheka hadi uji ukamwagika kwenye kanga. Nilimpenda sana yule mwanamke saa ile, na nilimwonea wivu vilevile.

Mama alipofariki, kaka alinipigia simu baada ya wiki chache. Kaka yangu si mtu mbaya, niseme mapema kabla sijamsema. Kazini walimpunguza, watoto wako shule, na barabara ya mbele ya nyumba imechangamka. Alitaka kuvunja vyumba vya mbele ajenge fremu za maduka. "Na Mama Mtani?" nikauliza. Akasema atatafutiwa chumba.

Wee! Nilimpandia juu. Nikamwambia kuna nchi ambako mpangaji wa miaka mingi hivyo huwezi kumgusa kirahisi, sheria inamlinda, uwe umenunua saruji au hujanunua. Nikamwaga yote niliyoyasoma. Kaka alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole, "Mdogo wangu, huko serikali ndiyo inajenga. Hapa alijenga mama, na mimi nilibeba zege." Nikamkatia simu kwa hasira.

Tukakubaliana jambo liamuliwe siku ya arobaini, ndugu wote wakiwepo. Hofu yangu ilikuwa moja tu: mwanamke aliyemuuguza mama yangu atatolewa nje na vyombo vyake, na mimi nitakuwa nimekaa nawaangalia. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Ndani ya basi nilikuwa nasemasema peke yangu, abiria wa pembeni akasogea kidogo.

Kisomo kikaisha, pilau ikaliwa, wazee waliotoka Maneromango wakajipanga kwenye mikeka ukumbini. Kaka akakohoa, akaanza. Alizungumza vizuri, na adabu zote. Alipofika kwenye fremu, nikavuta pumzi nisimame.

Kabla sijanyanyuka, Mama Mtani akaingia kutoka uani, mikono bado inanukia bizari, akaenda moja kwa moja hadi kwa kaka, akamvua kofia kichwani. Hivi hivi, mbele za watu.

"Kikao kimefungwa!" akasema. "Wazaramo mmekula, sasa mnataka kulala. Kofia hii imekamatwa. Ikombolewe!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Kwetu mtani akichukua kitu kwenye shughuli ya msiba huwezi kumkasirikia wala kumnyang'anya. Unakomboa, na yeye ndiye anayetaja fidia. Kaka akacheka bila kupenda, akaingiza mkono mfukoni.

"Hela zako kanunulie nazi," Mama Mtani akasema. Kofia akaiweka nyuma ya mgongo.

Kila mtu alijua Mama Mtani anachokwenda kudai, na mimi nikafurahi. Nikasema kimoyomoyo, haya, mdai, mdai chumba chako, nipo nyuma yako na nchi zote za Ulaya.

Kaka naye alijua. Akainamisha kichwa. "Sema, mtani. Unataka chumba?"

"Chumba?" Akamshangaa kabisa. "Chumba ni chako, baba. Kisarawe hii imejaa vyumba, nikitoka hapa nitapanga pale." Halafu sauti ikamshuka, na nilikuwa sijawahi kuisikia ikishuka. "Mimi nauliza, nikifa mtanizika wapi? Tabora wa rika langu wamekwisha. Wadogo hawanijui sura. Mama yenu yuko pale juu makaburini, na mimi ndiye niliyemwosha. Nataka mniambie mbele ya wazee, mtanizika au mtawaachia majirani?"

Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu mpangaji, anaingiaje, analipaje, anatolewaje, na kumbe yule mwanamke miaka yote analala chumba cha mbele anawaza swali ambalo mimi sijamuuliza hata mara moja.

Kaka alikuwa analia. Hakuficha. Akajifuta kwa kiganja, na kwa sababu mtani hujibiwa kwa utani, akasema, "Kwa uzito huo, Mnyamwezi wewe, nani atakubeba? Wabeba mizigo si nyinyi?" Watu wakacheka huku wengine wanapenga makamasi. Kisha akasimama. "Utalala pembeni ya mama. Na mtu ninayemzika mimi, maiti yake haitoki nyumba ya watu. Utatoka kwa mlango huu huu."

Mzee mmoja akasema, "Basi imekwisha," na hakuna aliyezitaja fremu tena.

Mama Mtani akamrudishia kofia. Tulingoja atukane kidogo, kama kawaida yake, tucheke tunyanyuke. Siku ya mazishi alikuwa ameigiza hadi wafiwa wakashika mbavu, akajilaza njiani jeneza lisipite, akadai mwenzake amemtoroka na deni la uji. Hakuna aliyemwona na chozi. Mtani halii, kazi yake ni kuwachekesha waliofiwa. Sasa akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, kanga akaivuta usoni, akaanza kumlilia mama yangu.